Ruhusa Iliyosikika Nusu

Mtu anayeisubiri ruhusa kwa hamu huisikia hata kabla haijatolewa. Ndilo jambo ninalolifikiria kila ninaposoma habari za ajali ya ndege mbili huko Tenerife, na kila mara naona kwamba linanihusu mimi, na linakuhusu wewe pia, ingawa hatujapata kukalia kiti cha rubani. Siku ile walikufa watu 583. Ndege zote mbili zilikuwa nzima, injini zao hazikuwa na kasoro, na waliozirusha walikuwa watu wa uzoefu wa miaka mingi. Ruhusa haikutolewa, lakini ilisikika. Zuio lilitolewa, lakini halikusikika. Ndugu msomaji, tuisome habari hii taratibu, kwa sababu dalili zilikuwepo, tena nyingi, na kila moja ilipitwa.

Jumapili ya tarehe 27 Machi 1977, bomu lililipuka katika duka la maua ndani ya uwanja wa ndege wa Las Palmas, kisiwani Gran Canaria. Hiki ni kimoja kati ya visiwa vya Kanari, vilivyo chini ya Hispania, baharini upande wa kaskazini-magharibi mwa Afrika. Bomu lilitegwa na kundi lililotaka visiwa hivyo vijitenge. Kukawa na tishio la bomu la pili, uwanja ukafungwa, na ndege zilizokuwa njiani zikaelekezwa kisiwa jirani cha Tenerife, katika uwanja mdogo wa Los Rodeos.

Kati ya ndege hizo zilikuwemo Boeing 747 mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shirika la KLM la Uholanzi, safari namba 4805, iliyotoka Amsterdam na watalii. Ya pili ilikuwa ya Pan American, safari namba 1736, iliyotoka Los Angeles na kupitia New York. Los Rodeos haukuwa uwanja wa kupokea mlundikano kama ule. Ulikuwa na njia moja tu ya kurukia, upo kwenye kimo cha mita 633 kati ya milima, na mawingu hupita pale ardhini kama mgeni asiyebisha hodi. Maegesho yalipojaa, ndege zikapangwa hata kwenye barabara ya pembeni ambayo ndege huitumia kufika mwanzo wa njia ya kurukia. Kwa hiyo kila ndege kubwa iliyotaka kuondoka ililazimika kutembea juu ya njia yenyewe ya kurukia hadi mwisho, igeuke, ndipo ipae kurudi ilikotoka.

Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake. Picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa na nahodha huyohuyo kabla ya kuruhusiwa kurusha 747, na hakuwa na saa nyingi katika ndege ya aina hiyo. Tena nahodha alikuwa ametumia sehemu kubwa ya miaka yake ya karibuni katika chumba cha mafunzo, ndani ya mashine inayoigiza urukaji. Mle ndani mwalimu mwenyewe ndiye anayecheza nafasi ya mnara wa kuongozea ndege, na mara nyingi mwanafunzi hupaa bila kusubiri mtu amruhusu. Nalisema hili bila kumdharau marehemu. Mazoea humwingia kila mtu, na anayefundisha wengine kila siku ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kusahihishwa.

Palikuwa na haraka pia. Sheria ya Uholanzi juu ya saa za kazi za marubani ilikuwa imekazwa siku za karibuni, na nahodha aliyezipitisha angeweza kushtakiwa. Saa zikiisha, wafanyakazi wangelazimika kulala Tenerife na abiria wote kutafutiwa hoteli. Nahodha akaamua kujaza mafuta palepale, lita 55,500, ili asipoteze muda mbele ya safari. Las Palmas ulipofunguliwa tena, Pan American ilikuwa tayari kuondoka, lakini KLM ilikuwa imesimama mbele yake ikinyweshwa mafuta. Wamarekani wawili wakashuka na kupima nafasi kwa miguu. Ikaonekana mabawa hayapiti, ilibaki mita chache tu. Wakasubiri. Wakati wanasubiri, ukungu ukashuka.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mnara haukuweza kuiona njia ya kurukia. Uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizoko ardhini. Taa za katikati ya njia hazikuwa zikifanya kazi. Marubani wa ndege hii hawakuwaona wa ndege ile. Yaani macho yote yalikuwa yamefumbwa, na kitu pekee kilichobaki cha kuzitenganisha ndege mbili zenye watu zaidi ya 640 kilikuwa maneno ya Kiingereza kwenye redio, yakisemwa na Mhispania kwa Waholanzi na Wamarekani. Mahali palipobaki maneno matupu, neno linatakiwa lishikwe kwa mikono miwili.

Dalili ya kwanza kwenye redio ilijitokeza mapema. KLM ilitangulia, ikatembea hadi mwisho wa njia. Pan American ikafuata nyuma, ikiwa imeagizwa itoke kwa kona ya tatu upande wa kushoto. Wamarekani hawakuwa na hakika kama wamesikia "ya kwanza" au "ya tatu", wakauliza. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa mnarani akawahesabia: moja, mbili, tatu, ya tatu. Walifanya vyema kuuliza. Hata hivyo kona ile ya tatu ilikuwa kali mno kwa ndege kubwa, iliyotakiwa kupinda karibu irudi ilikotoka, na katika ukungu wakaipita wakielekea ya nne. Hawakumwambia mwongozaji kwamba agizo lake halitekelezeki vizuri, naye hakujua kwamba bado wamo njiani.

KLM ikafika mwisho, ikageuka. Nahodha akaanza kusukuma mbele mikono ya injini. Rubani msaidizi akamwambia asubiri, bado hawajapata kibali. Nahodha akajibu kwamba anajua, amwombe basi. Alama hii ilikuwa kubwa kama nyumba. Kiongozi alishaanza kuondoka, akazuiwa na mdogo wake, akasimama. Ila msaidizi huyo, kwa kumzuia mwalimu wake mara moja, pengine alikuwa ameshatumia sehemu kubwa ya ujasiri aliokuwa nao.

Kabla ndege haijapaa, rubani huhitaji ruhusa mbili. Ya kwanza ni kibali cha njia: baada ya kuondoka ardhini utapanda hadi kimo gani, utakata kona upande gani, utaelekea wapi. Ya pili ni ruhusa ya kupaa yenyewe. Unaweza kuwa na ya kwanza mkononi na bado ukakaa muda mrefu ukiisubiri ya pili. Rubani msaidizi aliziweka zote katika sentensi moja: akasema wako tayari kwa "take-off", na wanasubiri kibali chao. Mwongozaji akajibu jambo moja tu kati ya hayo mawili. Akawapa kibali cha njia. Hata namba ya ndege aliikosea, akaita 8705 badala ya 4805, na hakuna aliyelisimamia kosa hilo.

Sasa tazama maneno yenyewe. Kibali kile kilianza na neno "cleared", yaani mmeruhusiwa, na katikati yake kulikuwa na neno "take-off", kwa kuwa aliwaeleza wakate kulia baada ya kupaa. Mmeruhusiwa, na kupaa, katika pumzi moja. Mtu aliyetulia angesikia kwamba ameruhusiwa kufuata njia fulani pindi atakapopaa. Mtu ambaye moyo wake umeshaondoka atasikia maneno mawili anayoyataka, na kilicho katikati kitampita. Rubani msaidizi alipokuwa bado anakariri kibali kwa mnara, nahodha aliachia breki, akasema kwa Kiholanzi: tunakwenda.

Msaidizi akajikuta anakariri kibali cha njia huku ndege inaanza kukimbia. Akamalizia kwa haraka kwa maneno yaliyosikika kama "We are now at take-off". Kiingereza hicho si cha marubani wala si cha mtu yeyote wa London. Wako wachunguzi wa lugha walioona ndani yake umbo la Kiholanzi, kwa kuwa Waholanzi husema kwamba mtu "yupo kwenye" kitendo wakimaanisha anakitenda wakati huo. Kama ni hivyo, msaidizi alikuwa akisema: sasa tunapaa. Mwongozaji alielewa: sasa tupo mahali pa kupaa, tumesimama, tunasubiri.

Naye akajibu, "OK". Akanyamaza karibu sekunde mbili. Kisha akasema wasubiri ruhusa ya kupaa, atawaita.

Katika sekunde mbili hizo ndimo ninamoona hatari yetu sote. Kwa mwongozaji, "OK" ilikuwa ni kusema nimekusikia. Zuio lilikuwa linakuja nyuma yake. Lakini kwa sikio lililokuwa likisubiri ruhusa, "OK" ilikuwa jibu kamili. Nahodha wa Pan American, Victor Grubbs, na msaidizi wake waliposikia habari za kupaa waliingiwa na hofu, na wakati huohuo rubani msaidizi wa Kimarekani akaingia redioni kusema kwamba wao bado wanatembea juu ya njia. Redio za ndege hazibebi sauti mbili kwa mpigo. Zikigongana, hutoka mlio mkali. Ndani ya ndege ya KLM ikasikika "OK", halafu mlio. Zuio la mnara na onyo la Wamarekani vilizamana vyenyewe kwa vyenyewe. Wawili waliotaka kuokoa walifunikana kwa sababu kila mmoja aliwahi kusema.

Bado nafasi moja ilibaki. Mlio ulipokoma, mwongozaji aliwaambia Pan American watoe taarifa njia itakapokuwa "clear", nao wakajibu watamwambia wakishatoka. Maneno hayo yalisikika ndani ya KLM, nayo ikizidi kushika kasi. Marubani wawili walikuwa na kazi mikononi. Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yao, alisikia. Akauliza: "Kwani hajatoka?" Nahodha akamuuliza amesema nini. Akarudia: "Hajatoka, yule wa Pan American?" Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi hakuongeza neno. Hazikupita sekunde 20, wakaiona 747 ya pili mbele yao imekaa upande, ikijitahidi kuingia majanini.

Grubbs alikuwa ameziona taa zinakuja, akasukuma injini kwa nguvu zote akikata kushoto. Nahodha wa KLM aliinua pua ya ndege yake kwa nguvu kiasi kwamba mkia ulikwaruza lami. Haikutosha. KLM ilikwangua sehemu ya juu ya Pan American, ikaangukia mbele na kuwaka na mafuta yake yote mapya. Watu 248 waliokuwamo walikufa wote. Katika Pan American walikuwamo 396. Walipona 61, wengi wao wakitokea juu ya bawa la kushoto. Zimamoto walipofika kwenye moto wa kwanza hawakujua, kwa ajili ya ukungu, kwamba kuna moto wa pili.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya marubani. Sidhani. Naliona swali la mhandisi, na naona watu wa kwetu wakiliuliza kila siku. Alikuwa na habari kamili: kuna ndege mbele, imesema yenyewe. Lakini habari hiyo aliitoa kwa umbo la swali, na swali humwachia mkubwa haki ya kujibu. Sisi tumelelewa kwa shikamoo na samahani, na ni malezi mazuri, siyatakii mabaya. Ila fundi mdogo anapouona waya una umeme huku fundi mkuu ananyoosha mkono, atasema nini? Mara nyingi atasema, "Samahani mzee, huu umeshazimwa kweli?" Mzee atajibu, "Umezimwa." Na mkono utaendelea. Nikijaribu kujiweka mahali pa mhandisi yule, mbele yangu ameketi mwalimu wa walimu, ameshanijibu kwa mkazo: sioni sababu ya kuamini kwamba mimi ningepiga kelele. Kwa hiyo nasema nasi sote, tuzoeshane tangu sasa. Panapohusu uhai, mdogo aseme "simama", na mkubwa asimame kwanza, adabu wataizungumza baadaye.

Umbo la swali lenyewe lina shimo jingine. Mhandisi aliuliza kwa kukanusha. Waholanzi wana neno maalumu la kupinga swali la kukanusha, na nahodha alilitumia, kwa hiyo kati yao hapakuwa na utata. Lakini hebu lihamishe swali hilo kwetu. "Hajatoka?" "Ndiyo." Kwa Mswahili jibu hilo maana yake ni kwamba kweli hajatoka. Mwingereza akiulizwa hivyohivyo akajibu "yes", maana yake ametoka. Neno lilelile la kukubali, kwa mmoja ndege ipo, kwa mwingine haipo. Wangapi kati yetu tumeajiriwa na wageni, tumeulizwa kama mashine haijazimwa, tukajibu kwa heshima "yes", na kila mmoja akaondoka na lake? Kiingereza kina hata njia ya kuomba ruhusa kwa kuuliza kama utachukizwa: mtu anauliza kama utaona vibaya yeye kuingia, na wewe kwa ukarimu wako unajibu "yes", kumbe umemfukuza.

Na upande wa kukataza Kiswahili chetu kinatutegea mtego ambao hatuuoni mpaka tuvuke mpaka wa lugha. Bango likisema "Hutakiwi kuingia", kila mmoja wetu anajua amekatazwa. Msimamizi akisema "hutakiwi kugusa hii", hakuna atakayegusa. Lakini ukiyabeba maneno hayo neno kwa neno hadi kwenye Kiingereza, utakuwa umemwambia mgeni kwamba halazimiki kuingia, kwamba hahitajiki kugusa. Akitaka, aingie. Akipenda, aguse. Zuio limegeuka hiari mdomoni mwako na hujui. Vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Dubai na Doha, wanaosimamia wenzao kutoka India na Ufilipino kwa Kiingereza cha kuokoteza, ningependa sana walijue hili kabla ya kupewa kofia ya usimamizi. Kukataza kuna maneno yake ya wazi: usiingie, usiguse, simama. Katika Kiingereza vilevile yapo, mafupi, ya kuamrisha, na mahali pa hatari si utovu wa adabu kuyatumia.

Rudi kidogo kwenye neno "clear". Katika dakika moja ile lilibeba mizigo miwili. Mnara ulipowaambia KLM kwamba wako "cleared", ulikuwa unaruhusu. Ulipowataka Pan American waseme njia ikiwa "clear", ulikuwa unauliza kama ni tupu. Ruhusa na utupu vimevaa nguo moja. Anayeijua lugha tangu utotoni huzitofautisha bila kufikiri, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeona mapema kwamba neno hilo ni la hatari. Lugha ya kigeni hukuonyesha mitego ya wenyeji, ukiwa na subira ya kutazama.

Baada ya Tenerife watu wa anga hawakuridhika na kulia. Walilichukua neno "take-off" na kulitenga. Siku hizi rubani hawezi kusema yuko tayari kwa "take-off". Husema yuko tayari kwa "departure", yaani kuondoka. Mnara ukikupa kibali cha njia nao husema "departure". Neno "take-off" limehifadhiwa kwa matumizi mawili tu: mnara unapotoa ruhusa ya kupaa, na mnara unapoifuta. Rubani hulitamka pale anapokariri ruhusa hiyo. Nje ya hapo limepigwa marufuku. Ndipo nilipojifunza kwamba njia mojawapo ya kulilinda neno la kuruhusu ni kulinyima kazi nyingine zote.

"OK" nayo iliondolewa, isisimame tena kama jibu la agizo. Rubani hukariri kiini cha alichoambiwa, mnara nao husikiliza kama amekariri sawa. Na mnara ukitaka kumzuia aliyesharuhusiwa lakini hajaanza kukimbia, humwamuru abaki alipo, humwambia ruhusa imefutwa, kisha hurudia kwamba imefutwa. Akiwa ameshaanza kukimbia, humwambia asimame mara moja, na kurudia tena pamoja na jina la ndege. Hakuna "sawa" mbele, hakuna "asante", hakuna "nimekusikia". Zuio ndilo linalotangulia, nalo husemwa mara mbili, kwa sababu la kwanza linaweza kuangukia ndani ya mlio.

Ndani ya chumba cha marubani pia mambo yalibadilika. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani lilikutanisha wataalamu kujadili jinsi marubani wanavyosikilizana, na kutokana na fikra hizo yakazaliwa mafunzo ambayo leo hutolewa dunia nzima, yanayomfundisha mdogo kusema na mkubwa kusikiliza. Kisha mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaanza kudai kwamba rubani wa safari za kimataifa na mwongozaji wapimwe Kiingereza chao na wafike kiwango maalumu. Kijana wa Kitanzania anayeongoza ndege Dar es Salaam, mwenzake wa Nairobi na wa Entebbe, wote hupita katika mtihani huo, na wote husema "departure" pale ambapo zamani ingesemwa vingine. Ukiwa abiria dirishani hujui, lakini neno hilo lililotengwa linakulinda.

Ningetamani kusema kwamba jambo hili limekwisha. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege ndogo ya Walinzi wa Pwani wa Japani ilikuwa inajiandaa kupeleka misaada kwa waliopatwa na tetemeko la ardhi la Noto, lililotokea siku moja kabla. Mnara ulimwambia rubani wake asogee hadi mahali pa kusubiri, na kwamba yeye ni "number one", wa kwanza kwenye zamu ya kuondoka. Akakariri, akashukuru. Agizo lilikuwa la kusubiri. Kuitwa wa kwanza hakukuwa ruhusa, kulikuwa taarifa ya foleni. Lakini alikuwa na haraka ya misaada, akaamini ameruhusiwa, akaingia njiani na kusimama hapo sekunde kama 40. Ndege kubwa ya Japan Airlines iliyokuwa inatua ikamgonga kwa nyuma. Watu wote 379 waliokuwa katika ndege ya abiria walitoka kabla haijateketea, kwa utulivu wa wahudumu wake. Katika ile ndogo walikuwamo sita. Watano walikufa, akapona nahodha peke yake, tena kwa majeraha makubwa.

Siku chache baadaye wizara ya uchukuzi ya Japani ikawaagiza waongozaji wasimtajie rubani namba ya zamu yake kwa muda. Waseme tu anachotakiwa kufanya: sogea hadi hapa, simama, subiri.